Barua Iliyopaswa Kuuliza Ng'ombe

Mlio wa wembe ukikwangua wino kwenye karatasi bado unanitia ganzi meno. Darasani kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini, mwaka wa sita wa shule ya msingi, hatukuwa na dawa ya kufutia. Ukikosea, ulikwangua polepole, ukapuliza vumbi la buluu, ukaandika upya juu ya kidonda. Nje mafundi waligonga mabati ya magari, harufu ya oili chakavu ikaingia madirishani, na siku nyingine kutoka milimani ilisikika milio ambayo mwalimu alijifanya haisikii. Mimi nilikwangua kuliko wote. Herufi moja ikilala vibaya, chakula hakikupita kooni.

Sisi watoto wa nyumba za Kiswahili tuliuogopa mtihani wa Kirundi, hasa barua. Lugha yenyewe tuliiongea kwa kuchechemea, na mtihani huo ulikuwa na uwezo wa kukufungia mlango wa sekondari. Mwalimu alitukaririsha: barua yenye adabu haiingii na shida yake mkononi, inauliza kwanza ng'ombe, kisha mvua, kisha maharage. "Mwalimu," alisema Zubeda, mwenzangu wa dawati, "sisi huku ng'ombe tunaijua mu mushikaki tu!" Tulicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Nilirudi nyumbani nikainakili barua ile tena na tena, hadi ikawa haina doa.

Siku ya mtihani tukaambiwa: mwalike bibi yako aje mjini likizo. Zubeda aliinama akaandika kama mtu anayekimbizwa. Mimi niliandika, "Ng'ombe hawajambo?" nikasimama. Ng'ombe wa bibi, mzaa mama, walikuwa wameswagwa, nyumba yake imechomwa, naye alikuwa kambini chini ya turubai. Muuza makaa ndiye aliyetuletea habari. Nikakwangua. Nikauliza mvua, nikalikumbuka turubai, nikakwangua tena, mpaka karatasi ikatoboka. Muda ulipokuwa unakwisha niliandika maneno machache tu: Bibi, usije. Njiani kuna watu wenye bunduki. Tutakufuata zikinyamaza.

Mlangoni mwalimu alituuliza tulichoandika. Nilipomweleza, alishika kichwa. "We mutoto! Wamekuambia umualike, we umemufukuza!" Zubeda akadakia, "Mi nimeandika ng'ombe zote na majina yake. Na bibi yangu alikufa mbele nizaliwe!" Matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwepo. Langu nililitafuta kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Zubeda ilifika chuo kikuu. Yangu iliishia kwenye meza ya mama ya kuuzia ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, nikijisomea kurasa za kufungia samaki.

Leo bunduki zimenyamaza, na basi la asubuhi linafika kwa bibi kabla ya mchana. Yeye hayupo, alifia kambini bila kupata barua yoyote kutoka kwangu, nzuri wala mbaya. Watoto wa majirani huja barazani niwafundishe insha na barua, kwa kuwa Kirundi changu sasa hakina doa. Juzi binti mmoja aliniuliza, "Dada, na kama bibi hana ng'ombe?" Niliitazama kalamu yake, imesimama palepale iliposimama yangu.

"Andika anazo," nikamwambia.

Akaandika, bila kukwangua. Atafaulu.