Nimekula Kama Mwitaliano, Annandale

Jamani, hivi mtu akikaa chini kula ni mgonjwa?

Wiki jana nilikuwa Italia kwa dada yangu. Kule mchana wanatandika meza, wanakula polepole, hakuna anayeangalia saa. Nikaapa kurudi na tabia hiyo.

Leo, hapa mjini Annandale, kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, nikatandika kitambaa kwenye meza yetu sisi wafanyakazi, nikaweka sahani yangu ya tambi. Mama Furaha, mwenzangu Mkongo, alikuwa anakula amesimama kama kawaida yetu.

"Dada, uko mugonjwa?"

Nikamvutia kiti. Akakaa.

Kijiko cha pili hakikufika mdomoni. Usingizi ulishamchukua!

Kengele ya mgonjwa wake ikalia, nikaenda mimi.

Niliporudi tambi zangu zilikuwa baridi, naye bado amelala. Nikazila nimesimama, kelele za kiti zisimwamshe.