Kovu la Binti Yangu Si la Uji

Admin, jina langu lisitoke, hapa Korogwe tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, kwetu Handeni. Nina binti mmoja tu na hanitaki.

Miaka ile serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua zahanati, kaka wa marehemu mume wangu alifungua yake hapa mjini. Akaleta kutoka ng'ambo mashine iliyotumika ya kuwapasha joto watoto wachanga: kitanda kidogo, juu yake chuma kinachowaka kama jiko la umeme. Binti yangu alizaliwa njiti, akawa wa kwanza kulazwa humo. Shemeji akaacha mlango wazi, watu wakaja kumtazama mwanangu kama bidhaa ya gulioni.

Siku moja akaleta mpiga picha. Tumboni pa mtoto palibandikwa waya unaoiambia mashine kwamba joto limetosha. Shemeji akaubandua, eti unaharibu picha. Nikamwambia, "Shemeji, mtoto anakuwa mwekundu." Akacheka: "Wewe wa kuota moto wa kuni ndiyo unifundishe mashine?" Akatoka kuwasindikiza wageni. Nilikuwa na mshono, nikajikokota hadi pale. Nilipomnyakua, ngozi ya kifua ilibaki kwenye kanga yangu.

Mama mkwe akaitisha kikao. "Zahanati ikifungwa tutakula nini? Semeni mama yake kammwagia uji." Mume wangu akasema nikikataa nirudi kwetu, mtoto nimwache. Nikanyamaza.

Binti amekua akiambiwa kwamba mama yake alimuunguza na baba mkubwa akamwokoa. Hajawahi kuvaa nguo ya shingo wazi. Yule mzee ndiye aliyemsomesha, na kila sikukuu ananiuliza mbele ya watu, "Shemeji, leo uji anapika nani?" Ukoo mzima unacheka. Binti yangu naye anacheka.

Sasa ana mimba kubwa. Nilimwambia nitakuja kumhudumia mpaka arobaini iishe. Akanijibu, "Mama, baba mkubwa atanitafutia mtu. Mwanangu hutamshika."

Waliokaa kikao kile wamekufa wote, kabaki shemeji tu. Nikisema, nani ataniamini? Nilinyamaza ili nisinyang'anywe mtoto, na wamemchukua hivyo hivyo.

Ndugu zangu, nimwambie kabla hajajifungua, au nizikwe na lawama hii? Mnishauri, ila msinitukane, nimeshatukanwa vya kutosha.