Mukanda, Moteur na Sauti ya Mama

Padiri aliniambia nisamehe, na nilisamehe. Lakini hasira ingali mu mwili, sitadanganya mutu.

Kwetu tulikuwa na tourne-disque ya papa, mashini ya kuchezesha disque, zile santuri za zamani, tangu wakati tulikuwa tunaishi Bukavu. Ilikuwa ya mukanda: moteur kidogo iko pembeni, mukanda ya mpira inatoka pale na kuzungusha sahani kubwa, na juu ya sahani njo disque inakaa. Na tulikuwa na disque moja yenye sijaona kwa mutu mwengine: korali ya parokia, na mama yangu ndani, akingali musichana, anaanza wimbo peke yake, kisha wengine wanamuitikia. Mama alikufa mwaka uliopita. Picha zake ziko nyingi. Sauti yake iko pale tu.

Misa ya kumaliza matanga ilipokaribia, papa hakuomba nyama wala bâche ya kufunika wageni. Alisema: "Watu wakitoka misa, nataka mama yenu aimbe mu nyumba yake." Basi.

Shida, mukanda ilikuwa imechoka. Mpira umelegea, mama anaimba kama mutu mwenye amekunywa dawa ya usingizi. Nikasema nitatafuta mukanda ingine. Yaya yangu, mutoto wa kwanza kwetu, mwenye anafanya kazi mu bureau kule Himbi, hapa Goma, akacheka.

"Mukanda! Weye ungali mu mambo ya mukanda?"

Siku ine mbele ya misa ifike, akakuja na tourne-disque nyingine, nzito kama jiwe ya kusaga. Alipewa na mwenzake wa kazi, mwenye alikuwa anaichezesha mu mafeti, pale watu wanacheza muziki.

"Hii ni direct," akasema. "Sahani imekaa juu ya moteur yenyewe. Hakuna mukanda, hakuna kulegea."

"Na ya papa iko wapi?"

"Nimeiachia fundi wa maredio, pale Birere. Atatoa vyuma."

Papa alikuwa kwenye kiti yake. Hakuna mwenye alimuuliza. Alitazama tu juu ya kabati, pale vumbi ilikuwa imeacha alama ya miguu ine ya mashini yake.

Nitasema ukweli, juu Mungu anasikia: ile moteur haikuwa na kosa. Yaya aliweka disque ya mama, akabonyeza, sahani ikapata mwendo pale pale, na mama hakutetemeka hata kidogo. Lakini nyuma ya sauti kulikuwa kitu kinakwaruza. Mimi nashona nguo tangu miaka makumi mbili. Sindano mbovu ikipita mu kitambaa, naisikia mbele ya kuiona. Nikainama. Unga mweusi ulikuwa unajikusanya mbele ya sindano ya tourne-disque. Watu wa mafeti wanabebesha uzito ule mukono wenye kushika sindano, ili sindano isiruke wakati wanasukuma disque na vidole. Na yaya hakuangalia uzito, hakuangalia sindano. Aliangalia moteur tu.

"Toa mukono! Inakula disque!"

"Usiguse! Weye unajua nini? Kwa masomo yako ya mangaribi walikufundisha électronique?"

Ni kweli, kusoma nilijifunza ukubwani, mangaribi kisha jua kuzama, na watoto wawili, mumoja kwa mugongo, mwengine kwa magoti. Aibu siko nayo.

"Walinifundisha kusoma," nikamujibu. "Kuona, naona peke yangu."

Nikanyanyua ule mukono mimi mwenyewe. Nikapitisha kidole juu ya disque, nikamuonyesha papa ule unga. Papa akashika kidole changu, hakukiacha upesi.

Kesho yake nilikuwa Birere mbele ya fundi afungue mulango. Tourne-disque ya papa ilikuwa juu ya meza, tumbo wazi.

"Mama, hii mikanda haiko tena Goma," akasema. "Siku hizi ni direct tu."

"Fundi, sikukuuliza siku hizi. Rudisha visi, ufunge ile tumbo."

"Ee! Mama huyu amelala na pilipili!"

Lakini alirudisha, na mashini nikaibeba kwa kichwa mpaka nyumbani.

Mu atelier yangu kuko mashini mbili za kushona: ya courant, ile ya umeme, na ya kukanyaga na miguu, yenye mukanda. Ya courant ni mbio, siwezi kuikataa. Lakini ya mukanda, kitu kikishikana, mukanda inateleza, sindano haivunjiki. Na kutetemeka kwa chini kunafia mu mukanda, hakufiki kwa kitambaa. Kila moja iko na kazi yake. Hakuna yenye ni ya wajinga.

Nikaomba kwa garage chambre à air ya camion, ule mpira wa ndani ya gurudumu, yenye imepasuka. Ukiikata kwa upana, unapata pete nzima ya kuwa mukanda, haina mushono. Pete ya kwanza nilikata na makasi, haikuwa sawa: niliijaribu na disque ingine, ikaimba kama mutu anatembea juu ya mawe ya volcan. Ya pili na wembe, ikakatika. Ya tatu na wembe na règle ya kunyooshea, nikaiosha na sabuni, nikabandika karatasi kwa sahani, nikahesabu mizunguko na saa: trente-trois, makumi tatu na tatu kwa dakika, vile disque inaomba. Nikapiga magoti, nikasema asante.

Siku ya misa, nyumba ilijaa. Papa aliweka disque yeye mwenyewe. Na pale pale mama anaanza peke yake, pale sindano ya yaya ilikula, ikatoka kelele kama karanga mu sufuria, na mama mbali kabisa nyuma yake. Watu wakatazamana. Papa akanyanyua kidole: mungoje. Wenzake wa korali wakaitikia, kelele ikaisha, na mu mustari wa pili mama akatoka, muzima.

Baadaye papa akaita yaya. "Mashini yako ni ya nguvu. Rudisha kwako."

"Papa, nilitaka kukusaidia."

"Najua. Ungeniuliza."

Yaya aliniomba musamaha, nikamupa. Lakini kila mara tukicheza ile disque, papa ananyanyua kidole pale mwanzo, na wageni wanasema, "Ah, ni uzee wa disque." Papa anaendelea kusikiliza wimbo. Mimi sinyamaze. Nawaambia haiko uzee. Ilikuwa nzima mpaka siku ine mbele ya misa ifike.