Tairi ya Doto

Kurwa Mbwana na pacha wake Doto walizaliwa Kikwajuni kwa Bi Mwanakheir, na hata walipokuwa watu wazima wenye ndevu, majirani waliendelea kuwachanganya. Kurwa akawa fundi wa chokaa. Kutwa yuko juu ya jukwaa Shangani, akipiga lipu kuta za majumba ya kale yanayogeuzwa hoteli. Doto alikuwa kwenye duka la viungo Hurumzi, akiwapimia wageni iliki na mdalasini, hata jezi yake ya baiskeli ikawa inanuka karafuu. Kilichowakutanisha kila Jumapili ni baiskeli za mbio. Wote wawili walikuwa katika klabu iliyokuwa ikikusanyika Forodhani baada ya sala ya alfajiri, wakati bustani ni tupu na paka ndio wenye mji.

Mazungumzo ya klabu ile hayakosi tairi. Zile rahisi kila mtu alishazijua: zinalika kama sabuni, na mwezi hauishi huna tena cha kukanyagia lami. Zile ghali za Ulaya, mwenye nazo haendeshi, anazilinda. Zikabaki za bei ya katikati, ambazo Wakil, muuza vipuri wa Darajani na mkubwa wa klabu, alikuwa akizileta kutoka Dar. Juu ya hizo watu hawakuafikiana hata siku moja. Huyu kaenda nazo Makunduchi na kurudi bila pancha. Yule anasema ubavu wake mwembamba, jiwe la tumbawe limemchania Kizimkazi akarudi juu ya pikapu ya samaki. Mwengine anaapa kwamba tairi hizo zikiwa mpya si za kuziamini kwenye lami iliyorowa, mpaka uso wake ulike kidogo.

"Kila mtu ataeleza yake," Wakil alikuwa akisema. "Lakini mimi nnazipanda na nnaziuza, na hazijamwangusha mtu."

Kurwa alimwamini. Doto alitaka kungoja kwanza, lakini Kurwa alimwandama mpaka akakubali, wakazivalisha alasiri moja uani kwa mama yao, kila mmoja jozi yake. Hazikukaa sana, tairi ya nyuma ya Doto ikakatwa na kigae cha chupa njia ya Bububu. Hakuitupa. Alikata kipande cha boksi la juisi, akakigandisha kwa ndani, akaendelea nayo. Tangu hapo gurudumu lake likawa na sauti yake, tik, kila mzunguko mmoja, tik, na Kurwa akawa hana haja ya kugeuka kujua kama nduguye yuko nyuma yake.

Jumapili iliyowatenganisha ilikuwa ya masika. Wingu lilikuwa zito na wenzao hawakutokea, wakaenda wao wawili mpaka Bumbwini. Wakati wa kurudi, Doto akiwa mbele, walikuwa wakipanda kilima kilichoko kabla ya mteremko wa Mangapwani ndipo tairi ya mbele ya Kurwa ilipopata pancha. Pampu alikuwa nayo Doto. Kurwa akaita, "Doto! Doto we!" lakini mwenzake alikuwa ameshavuka kilele, na mvua imeanza kupiga majani. Akaisukuma baiskeli kwa miguu. Alipofika juu aliona watu wamekusanyika chini kwenye kona. Alijua kabla hajafika. Doto alikuwa amelala na kichwa kwenye ukingo wa kalvati la kupitishia maji, na alipofikishwa hospitali hakuwa na roho.

Msibani watu hawakuwa na la kusema ila tairi. Kona ile Doto alikuwa kaipita mara nyingi, baiskeli ni ile ile, mvua si mara ya kwanza. Kipya kilikuwa tairi. Wakil alikuja akakaa mwisho wa jamvi, na waliokuwa karibu naye wakasogea. Wiki ile wenye tairi za katikati walizivua, na baadhi walikwenda kuzirusha mlangoni pa duka lake bila ya salamu. Wakil aliziokota akazitia ndani, na zile zilizokuwa zinaning'inia dukani akaziteremsha mwenyewe.

Baiskeli ya Doto ilipoletwa nyumbani, Kurwa aliibonyeza tairi ya nyuma, kisha ya mbele. Zote zilikuwa na upepo. Hazikupasuka wala hazikuchanika. Bi Mwanakheir akaiweka baiskeli stoo, akaifunika kwa mkeka, na mlango akaufunga.

Baada ya arubaini Kurwa alirudi barabarani. Alitoka peke yake asubuhi ya jua. Alikuwa katika ule mnyooko wa Bububu, miembe pande zote mbili, aliposikia nyuma yake: tik. Akadhani ni gurudumu lake. Akapunguza mwendo, nayo ikapunguza. Akakaza, nayo ikakaza. Aliposimama, ikasimama. Akageuka. Palikuwa na barabara tu, na kunguru mmoja akidonoa maganda ya muhogo.

Nyumbani alivua magurudumu yake yote mawili, akapitisha kidole ndani ya tairi kutafuta mwiba au kijiwe. Hakuona kitu. Akanunua tairi rahisi, akavalisha. Jumapili iliyofuata, tik, tik, umbali ule ule aliozoea kukaa Doto. Siku nyengine ilikuja pamoja na harufu ya karafuu. Kurwa alijiambia kuwa ni karafuu zilizoanikwa njiani, na mara nyengine kweli aliziona kwenye majamvi, na mara nyengine hakuziona.

Hakumwambia mtu. Akaanza kukonda. Mama yake akamuona mezani anaacha kutafuna, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Unasikiliza nini, mwanangu?"

"Si kitu, mama."

"Si kitu gani hicho kinachokukatisha chakula?"

Kurwa akainuka akenda kunawa.

Vuli ilipoanza, aliingia stoo. Akaifunua baiskeli ya Doto, akaitoa tairi ya nyuma kwa vijiko viwili, na kile kipande cha boksi bado kimeganda ndani yake. Alikuwa uani akiivalisha kwenye gurudumu lake mwenyewe wakati Bi Mwanakheir alipotokea mlangoni na upawa mkononi.

"Hiyo unaitolea nini?"

"Nnataka kujua, mama."

"Kujua nini?"

"Kama ndiyo iliyomuua."

"Na ikikuua na wewe, hapo utakuwa umejua?"

Kurwa aliendelea kuikandamiza tairi kwa vidole gumba. Mama yake alimtazama mpaka alipomaliza kutia upepo, kisha akageukia ukuta.

"Basi toka sasa hivi," alisema, "ningali nimekupa mgongo. Sitaki kukuona ukitoka."

Manyunyu yalikuwa yakianguka alipopita Bububu. Tik sasa ilikuwa chini yake, ndani ya mifupa ya baiskeli yake, na nyuma hapakuwa na kitu. Kurwa alishusha mabega. Alikwenda hivyo mpaka Chuini, mwepesi, karibu na furaha, akifikiri kwamba pengine hili ndilo lililokuwa likitakiwa kwake, kuichukua tu ile tairi. Akaenda mpaka Bumbwini na akageuza, kwani alitaka kuuingia mteremko kwa upande ule ule.

Alipoanza kupanda kilima ndipo aliposikia sauti nyengine nyuma yake. Hii haikuwa na tik. Ilikuwa ni uvumi safi wa tairi nzima juu ya lami iliyorowa, vuuu, wa mtu anayepanda kwa nguvu. Kurwa aliujua uvumi ule. Ulikuwa ni wa zile tairi zake mwenyewe alizozivua, kama alivyokuwa akiusikia kila Jumapili akiwa juu yake. Yeye sasa ndiye aliyekuwa mbele na tairi ya Doto, na aliyeko nyuma ni Kurwa.

Akavuka kilele. Mvua ikafunguka kama siku ile. Baiskeli ikaanza kushuka na Kurwa hakugusa breki, kwa kuwa hilo ndilo lililomleta: kuiacha tairi ijieleze. Maji yalikuwa yakikimbia juu ya lami. Aliinama kuingia kona, akangojea kuteleza, na tairi ikashika. Alihisi inashika, kama mkono unavyoshika mkono. Na hapo hapo, juu kule kilimani, akaitwa.

"Doto! Doto we!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ulimi ulikuwa umeshainuka kuitika, na shingo imeanza kugeuka. Aliuma ulimi mpaka akaonja damu, akakaza macho kwenye lami, akaipita kona, akalipita na lile kalvati. Baiskeli ikajisimamia yenyewe palipokuwa tambarare, mbele ya kibanda cha makuti ambapo mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa akikaanga mihogo.

Yule mwanamke aliinua uso, akamuona, na sinia likamponyoka. "Audhubillahi!" alipiga kelele, akarudi nyuma mpaka akagonga nguzo. "Wewe! Wewe si nilikufunika mimi kwa kanga yangu!"

"Shikamoo, bibi," Kurwa alisema. "Si yeye. Mimi ni Kurwa, pacha wake. Siku ile nilikuja nyuma, kwa miguu."

Mwanamke alimtazama miguuni, kisha usoni, kisha miguuni tena. "Marahaba," alisema mwisho. Jina lake lilikuwa Bi Time. Walisaidiana kuiokota mihogo, akamkalisha kwenye kigoda karibu na moto.

"Ulimuona alivyoanguka?" Kurwa akauliza.

"Nilimuona."

"Tairi ilimtelezesha?"

"Tairi?" Bi Time alitikisa kichwa. "Nani kakwambia tairi? Alikuwa anakuja vizuri kabisa, kama ulivyokuja wewe. Kisha akaitika. 'Naam!' alisema, kwa sauti, nikamsikia hapa nilipo. Akageuza kichwa nyuma kama mtu aliyeitwa na mwenzake. Gurudumu likaingia mchangani pembeni, likampeleka kwenye kalvati. Sikumwambia mtu. Ningewaambiaje? Mtu kaitika, na mwitaji hakuna."

"Wewe hukusikia mtu akimwita?"

"Sikusikia ila mvua."

Kutoka pale Kurwa alipopata pancha mpaka kona ile kuna kilima kizima katikati, na sauti ya mtu haivuki kilima, tena katika mvua. Alijua hivyo. Alijua pia ni jina gani alilolitamka na wakati gani.

"Mangapwani hii," Bi Time alisema, akigeuza mihogo, "sisi tumefunzwa tangu wadogo. Ukiitwa na usiyemuona, nyamaza. Hapa walifungiwa watumwa chini ya ardhi, wakiita na hawaitikiwi. Nduguyo hakuwa wa huku. Hakufunzwa."

Alimpa mihogo kwenye karatasi. Kurwa aliila yote pale pale.

Siku ya pili alikwenda Darajani. Wakil alikuwa amekaa peke yake baina ya minyororo na pampu, akamtazama Kurwa kama anayesubiri kupigwa. Kurwa aliiweka ile tairi ya Doto juu ya meza.

"Jana nimeteremka nayo Mangapwani ndani ya mvua," alisema. "Bila breki. Imeshika. Nimekuja kukwambia, na Jumapili ntawaambia wenzetu Forodhani."

Wakil aliipitisha mkono ile tairi, taratibu, akakuta kile kipande cha boksi kwa ndani, akauacha mkono hapo. "Yakhe," alisema.

Kurwa aliwaambia wenzake kuhusu tairi, na juu ya Bi Time aliwaambia nusu tu, kwamba Doto aligeuka na gurudumu likaingia mchangani. Wengine walirudi dukani kwa Wakil na wengine hawakurudi. Ni mama yake tu ambaye Kurwa alimwambia yote. Alimaliza kwa kusema, "Nilimwita mimi, mama. Ndimi niliyemwita."

Bi Mwanakheir alikuwa akichambua mchele. Mikono haikusimama.

"Ulimwitia nini?"

"Pampu."

"Ulikuwa na shida, ukamwita nduguyo." Alipuliza makapi. "Sasa ulitaka asikuitike?"

Kurwa alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mama yake akamwacha alie, akaendelea na mchele wake.

Ile tik ya nyuma haikumwondoka. Kuna Jumapili inakuja na kuna Jumapili haiji, naye ameacha kugeuka. Lakini jina la mtu halitamki tena akiwa barabarani. Akipata pancha husimama pembeni kimya mpaka wenzake wagundue kuwa hayupo, wamrudie. Na kule Shangani, vibarua wakimwita kutoka chini, haitiki. Hushuka ngazi mbili tatu, na ndoo ya chokaa mkononi, akachungulia aone ni nani. Mwanzo walikuwa wakimcheka. Siku hizi anayemtaka huja mwenyewe mpaka chini ya jukwaa, akavua kofia, akainua uso aonekane.