Tulivyoendelea Kumgawia Anjelo

Wenzangu tuliojifunza kuandika kwa kijiti mchangani kabla ya kukabidhiwa daftari, sogeeni karibu. Vijana nao wasikilize, kama chaji ya simu zao imekwisha. Nataka kusimulia mchezo wa kikoa, tuliokuwa tukiucheza Kilosa kwa picha za bablishi, na kwa nini mpaka leo nikiona watoto wamekaa duara najikuta nahesabu vichwa.

Ruksa, ile ya biashara huria, ndiyo kwanza ilikuwa imeingia. Kabla ya hapo duka la karibu na kota za reli lilikuwa na chumvi, viberiti na panya. Nguo tulifulia majani ya mpapai, na hakuna aliyelalamika kwa sababu wote tulinuka vilevile. Ghafla, jamani, maduka yakajaa. Sabuni za kunukia, ndala za rangi tatu, na bablishi za kutoka ng'ambo zenye picha ndani ya karatasi. Picha yenyewe ilikuwa ngumu, ndogo kuliko kiganja, ina unga mtamu uliobaki kwenye vidole hadi ulale nao. Mbele kuna mnyama, nyuma kuna namba tatu: uzito, urefu na kasi. Maneno ya Kiingereza hatukuyaelewa, ila namba tulizijua. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa hataki mchezo.

Wakubwa wa darasa la sita na la saba wakaanzisha pata potea. Wawili wanakaa, kila mmoja anaweka picha, mwenye namba kubwa anachukua zote. Haikupita muda, picha zote za mtaa zikawa mifukoni mwa mabwana watatu, na sisi wengine tukabaki kutafuna bablishi iliyokwisha utamu. Hapo ndipo tulipotunga chetu, wanne sisi. Mimi Mwajuma, wenzangu walizoea kuniita Mwaju. Felista, binti wa mama muuza maandazi, mwenye mdomo usiokuwa na kizuizi. Saitoti, mtoto wa wafugaji, ambaye mama yake alileta maziwa sokoni. Na Anjelo, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, yeye mwenyewe mpole, akicheka anaziba meno kwa mkono.

Jina la kikoa tuliliiba kwa mama zetu, waliokuwa wakila kikoa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mchezo ulikuwa hivi: tunakaa duara, tunachanga picha zetu zote pamoja, tunagawa mafungu sawa. Kila mmoja anaweka moja kifudifudi, mwenye zamu anataja, tuseme uzito, tunafunua. Mwenye namba ndogo picha yake inalala. Anayemaliza fungu lake ametoka, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Lakini wawili mnaweza kuungana, namba zenu zikajumlishwa, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Mtabembelezana, mtaapishana, mtasalitiana mchana kweupe. Mwisho wa mchezo kila picha inarudi kwa mwenyewe, hakuna anayelala amelia.

Utamu wake ulikuwa hapo. Kwenye pata potea mwenye nyangumi alikuwa mfalme, amekwisha kushinda kabla hajakaa. Kwenye kikoa ukifunua nyangumi wote tunakugeukia, na digidigi wa watu anapita pembeni, anaishi. Anjelo ndiye aliyekuwa na nyangumi, peke yake Kilosa nzima. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona bahari. Felista alishikilia kwamba samaki mkubwa kuliko ofisi ya stesheni ni uongo wa Wazungu, na Saitoti naye akasema apambanishwe na dume la baba yake kwanza, ndipo tuone.

Tulichezea kibarazani, kwenye ghala la pamba lililokuwa limefungwa. Saruji ilikuwa ya baridi hata jua likiwaka, na milango mikubwa ya mabati ililialia yenyewe upepo ukipita. Muda wetu ulikuwa alasiri, tukishateka maji, kabla ya mama kuanza kuita.

Saitoti alikuwa na kawaida ya kupotea. Kiangazi kikikaza, kwao wanasogeza ng'ombe kuelekea upande wa Magole, na yeye anakwenda nao wiki mbili, tatu. Sasa nyumbani kwetu mtu akiwa safarini chakula chake kinafunikwa, hata kama kitaliwa na kuku kesho yake. Tukafanya vivyo hivyo. Saitoti akawa anaacha picha moja ndani ya kopo letu la maziwa ya unga, na kila siku tunagawa fungu lake. Aliyekaa kulia kwake anamfunulia bila kuchagua. Akirudi anahadithiwa vita vyake: "Juzi ulimlaza Felista mara tatu!" Naye anajivuna, "Mimi hodari hata nikiwa Magole." Aliyeacha picha koponi nafasi yake ilikuwa haifungwi. Hiyo ilikuwa sheria, na tuliiamini kuliko tulivyoamini ratiba ya treni.

Kisha baba yake Anjelo akahamishiwa Tabora. Nakumbuka mama yake akifunga magodoro kwa kamba za katani, na Anjelo akizipanga picha zake kwenye soksi.

"Acha moja," nilimwambia.

"Baba anasema haturudi, Mwaju. Nikiacha nitakuwa nawadanganya."

Alisema taratibu, macho chini. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilimpenda yule mtoto kama ndugu wa tumbo moja, wala sioni haya kulisema leo na mvi zangu. Mama yake alipomwita akanywe uji, nikaingiza mkono kwenye soksi. Sikutafuta sana. Nikamtoa nyangumi, mwenye pembe iliyochanika na doa la chai, nikamficha kwenye upindo wa sketi, nikaenda stesheni kupunga mkono na wenzangu. Nilijua atarudi, maana kitu chake nilikuwa nacho mimi.

Siku iliyofuata nikawaambia Felista na Saitoti kwamba Anjelo ameacha picha. Kopo lenyewe nililishika mimi, hawakulifungua; nyangumi nilikuwa nimemshonea upindoni. Tukagawa mafungu manne, nikakaa kushoto, Felista akamfunulia.

Fungu lile likashinda.

Tulicheka. Fungu la asiyekuwepo huwa linakufa mapema, kwa sababu haliungani na mtu wala halibembelezi. Siku ya pili likashinda tena. Siku ya tatu tukaacha kucheka. Ukitaja kasi, linafunuliwa duma. Ukitaja urefu, linafunuliwa twiga. Felista akachanga upya, akagawa kwa mkono wa kushoto, akatemea mate chini. Duma.

"Bahati tu," akasema, lakini akasogea.

Mambo mengine niliyaona polepole. Kuku wa mama Felista alikuwa na kawaida ya kupita katikati yetu na vifaranga vyake akitafuta punje. Sasa akifika pale pa Anjelo, mahali patupu, saruji tupu, anasimama, anazunguka, na vifaranga vinazunguka nyuma yake kwa mstari. Halafu zile picha. Tulizigawa kavu, wote tumeziona ni kavu. Felista akifunua ya Anjelo, inakuja na unyevu. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto, na ina jasho, mithili ya kitu kilichotoka kwenye kiganja cha mtu wakati huohuo. Nikajifuta kwenye sketi, na pale kwenye upindo nyangumi naye akawa amelowa.

Mwizi husema nini?

Barua ilifika wiki ya tano au ya sita. Mama yake Anjelo alimwandikia mama yangu, na mama alikuwa na tabia ya kusoma barua kwa sauti huku anachambua mchele. Salamu ndefu, afya, mvua. Kisha sauti ya mama ikapungua. Anjelo ni mgonjwa. Homa ambayo hospitali hawaioni kwenye kipimo. Asubuhi anakuwa nafuu, lakini kila alasiri anakaa kitandani wima, jasho linamtoka, anageuza kiganja juu chini kana kwamba anafunua kitu. Anataja, uzito, kasi, urefu. Wakimlaza anasema, "Siwezi kulala, zamu yangu. Mwaju hajaniachia." Mtoto amebaki mifupa. Mwishoni aliuliza, mwenzangu, Mwaju wako ana nini na mwanangu?

Mama akaweka ungo chini.

"Mwajuma. Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Sijamfanya kitu, mama."

"Nitakuuliza mara moja tu. Mdomo unaweza kuficha, moyo utakutafuna."

Nikatoka mbio. Sikulia, niliogopa hata kulia. Nikawakuta wenzangu kibarazani, nikawaeleza barua yote, ila ile ya upindo nikaimeza. Felista akasema dawa ni rahisi: tumshinde. Akitoka mchezoni atalala. Tukagawa. Tukaungana watatu dhidi ya fungu moja, jambo ambalo kikoa hakiruhusu, tembo na kifaru na kiboko kwa pamoja. Tukataja uzito.

Felista akafunua ya Anjelo. Ilikuwa nyangumi.

Ile pembe iliyochanika, lile doa la chai. Nikashika upindo wa sketi. Mtupu. Wallahi sikuwa nimemtoa, wala uzi ulikuwa haujafumuka. Milango ya ghala ikalia, na upepo haukuwepo. Felista akaanza kusema Salamu Maria, haraka haraka, anachanganya maneno.

Saitoti aliniangalia mimi, siyo picha.

"Baba yangu akihama," akasema, "anarudi mwenyewe bomani kuangalia kama kuna kitu kimebaki. Hata kamba ya ndama. Anasema usihame nusu. Huyu amehama nusu. Nani alibaki na kitu chake?"

Nikasema, "Mimi." Halafu ndipo nikalia, kilio cha makamasi. Felista alinipiga kofi la mgongo, akaniita mwizi, akaniita mchawi, kisha akanikumbatia, tukalia wawili.

Kulikuwa na treni ya mizigo imesimama stesheni, inaelekea bara, njia ya Tabora. Gadi wake, msimamizi wa safari, alikuwa akifahamiana na baba yake Anjelo. Tukamkimbilia, tunahema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmefukuzwa na nini?"

Nikampa nyangumi amefungwa kwenye karatasi ya daftari, nikamwomba ampe Anjelo mkononi mwake mwenyewe. Niliandika mstari mmoja tu, kwa mwandiko wa darasa la nne: Hatukugawii tena, lala. Gadi akacheka, akadhani ni ugomvi wa watoto, akaitia mfukoni mwa shati. Treni ilipoondoka nilihesabu mabehewa hadi yakaisha.

Kesho yake tukagawa mafungu matatu. Ninyi mnaonisoma, sijui kama mtanielewa: kuzika nimezika, baba na mama wote, lakini mikono yangu haijawahi kuwa mizito kama siku ile nilipogawa la tatu nikarudi kwangu, nikaruka ile nafasi. Kuku alipita palepale na vifaranga vyake, anadonoa.

Barua ya pili ikaja. Anjelo amepona, anakula, amekuwa mnene. Mama alipiga vigelegele. Sisi kikoa kikatushinda, kwa watatu hakikuchezeka. Mara banda la video likafunguliwa karibu na soko, watoto wote wakahamia huko kukaa gizani kimya, kila mtu na macho yake.

Siku hizi niko Mikumi, nauza nyanya na vitunguu barabarani kwa madereva. Nina kijana wangu anacheza karata za kwenye simu na watu wanne asiowajua, sijui wako nchi gani. Huwa namcheka: mchezo gani huo, hamwoni mwenzenu akitoa macho kwa uongo? Juzi nikamwona anabonyeza, nikauliza kulikoni. "Mmoja kaleft, mama. Wameshaingiza mwingine." Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Nikamwambia, enzi zetu mtu alikuwa haondoki hivyo. Akaniangalia kwa huruma, wanavyotuangalia.

Sikumwambia kwamba mwaka jana lori la miwa lilisimama mbele ya meza yangu, likitokea Kidodi, na utingo akapiga kelele, "Anjelo, shuka ununue!" Akashuka mtu mzima mwenye kitambi. Akacheka na utingo wake, akaziba meno kwa mkono.

Nikamuuliza kama yeye si wa Kilosa, kota za reli.

"Nasikia hivyo, dada," akasema. "Mama aliniambia. Niliugua sana nikiwa mdogo, ya nyuma yakafutika yote. Tulikuwa tunafahamiana?"

"Tulikuwa tunacheza pamoja."

"Kumbe!" Akachagua nyanya, anazibonyeza moja moja. Kisha, bila kuniangalia, akasema kitu ambacho watu huwaambia wageni kwa sababu hawatawaona tena. "Mimi nina mke, nina watoto wanne, namshukuru Mungu. Lakini popote ninapokaa na watu, harusini, msibani, hata mezani kwangu, naona nimekalia nafasi ya mtu. Yangu iko mahali, sijui wapi."

Siku hizi nafasi ya mtoto haina mwenyewe, anatoka huyu anaingia yule, na wote wanalala salama. Sisi tulikuwa tukimshikia mwenzetu nafasi kwa kucha na meno, na tulipomwachia tukamwachia mzima mzima, hata sisi tukamtoka akilini. Nilitaka kumwambia nafasi yake iko wapi, pale kibarazani kwenye ghala, na kwamba niliyeifunga ni mimi. Honi ikalia. Akachukua mfuko wake, akapanda, na lori likiondoka akanipungia mkono, kama anavyopungiwa muuza nyanya yeyote.