Kamba Wawili wa Mjomba

Saa moja na dakika kumi na mbili jioni, Jumanne moja mwaka jana, nilizima taa ya tangi langu hapa Ukunda na kuelekeza tochi kwenye kioo. Maji yalikuwa yamejaa vumbi lenye uhai. Kamba wangu alikuwa ameangua, na watoto wake, kila mmoja mdogo kuliko chenga ya mchele, walikuwa wakiukimbilia mwanga. Niliandika saa kwenye daftari, kama nifanyavyo siku zote. Kisha nikaketi, na badala ya kuendelea na kazi nikajikuta niko Msambweni, nina miaka kumi na mmoja, kata ya kifuu cha nazi mkononi.

Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa akizamia samaki wa mapambo, wale wa rangi wanaonunuliwa na watu wa ng'ambo kwa kutazamwa tu. Bibi, mama yake, hakulielewa jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Kwake yeye, samaki asiyeingia chunguni alikuwa amepotea njia. Lakini waliokuwa na bei nzuri zaidi ni kamba, wenye mgongo mwekundu uliopigwa mstari mweupe, na ndevu ndefu nyeupe. Hukaa kwenye mapango ya miamba wakiwasafisha samaki wengine, nasi nyumbani tuliwaita vinyozi. Ili kuwapata, Mjomba alizama kwa pumzi zake mwenyewe, mara nyingi kwa siku. Masikio yakaanza kumtoka maji, kisha damu. Kila asubuhi Bibi alimpa chai na mkate wa kumimina, na neno lilelile: "Madukani Kona ya Musa wauza kila kitu, lakini masikio hawauzi."

Ndipo Mjomba alipoamua kuwafuga. Alimtengenezesha seremala tangi kwa vioo vya madirisha ya zamani, akaliweka barazani penye kivuli, akatia maji ya bahari na mawe, na kamba wawili, akituambia ni mke na mume. Alimwahidi Bibi kwamba wakizaa, na watoto wakakua, hatarudi tena majini. Kisha akaenda Jego kwa wiki mbili kumaliza kazi ya mnunuzi, akaniachia mimi tangi.

Sijawahi kuaminiwa hivyo tena. Hatukuwa na umeme, kwa hiyo hewa niliitia kwa mkono. Nilichota maji kwa kata na kuyamwaga kutoka juu, mara hamsini asubuhi kabla ya shule, mara hamsini nikirudi, na mara hamsini baada ya chuo cha Kurani. Mpaka leo nikisikia maji yakimwagika juu ya maji, mkono wangu wa kulia hukumbuka. Niliwalisha vipande vya samaki changu vya ukubwa wa punje ya mtama. Bibi alijifanya hawajali, ila kila akipita na ungo wake alisimama. Siku ya tatu aliniita. Mke alikuwa na mayai ya kijani tumboni tangu mwanzo, hilo tulilijua, lakini sasa na mwenzake alikuwa nayo.

"Huyu mume wenu ana mimba," akasema, akaenda zake akicheka peke yake mpaka jikoni. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kila kamba wa aina ile ni dume na jike kwa pamoja. Bibi alikuwa ameliona kwa macho.

Mjomba alikuwa amechora alama ya makaa kwenye kioo, maji yasishuke chini yake. Jua la Msambweni unalijua, na maji yalishuka kila siku upana wa kidole. Bahari ilikuwa hatua mia tatu kutoka mlangoni. Nilikwenda na ndoo, nikateka, nikajaza hadi kwenye alama, kila siku bila kukosa. Siku ya tisa kamba waliacha kula. Siku ya kumi walisimama pembeni, ndevu zimelala, na mmoja akaegemea jiwe kama mgonjwa kwenye ukuta. Nilimwendea Bibi nikilia.

Alikuwa akipika mchuzi wa nazi. Alifuta mkono kwenye leso, akachovya kidole tangini, akaonja, akatema. Hakunigombeza. Alinirudisha jikoni, akanionyesha chungu kilichokuwa kikitokota.

"Mchuzi ukipungua motoni, waongeza chumvi?"

"Hapana, Bibi."

"Waongeza nini?"

"Maji."

"Basi. Jua lanywa maji, chumvi haliinywi."

Maji ya kisima aliyakataa, maana nayo yalikuwa na chumvi. Tulitumia ya mvua, kutoka pipa la chini ya bati, bakuli moja baada ya jingine kwa siku mbili, maana alisema mwenye njaa halishwi sufuria nzima. Jioni ya siku ya pili ndevu zikanyanyuka.

Mjomba alirudi kwa wakati. Siku mbili baadaye waliangua, nasi sote watatu tuliinama tukiangalia vumbi lile likicheza kwenye tochi. Tuliwapa kiini cha yai kilichosagwa, na unga wa mchele. Hatukujua kwamba hula viumbe hai tu. Siku ya kumi na moja hakusalia hata mmoja. Mjomba alichukua miwani yake ya kuzamia ukutani. Bibi siku hiyo alimmiminia chai tu.

Bibi hayupo. Baraza ile ni maegesho ya nyumba ya wageni. Watoto wa kamba wa Jumanne ile niliwalisha chakula hai kwa miezi mitano, nikapata wanane waliokomaa, nami nikamleta Mjomba awaone. Aliwatazama muda mrefu, akawahesabu mara mbili, akainamisha sikio la kulia, ambalo bado husikia ukimsogelea. Nilimwambia ni vinyozi wale wale, wamezaliwa humu ndani.

Hapo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Safari ya kuzamia iliyochukua sikio la kushoto alitoka na kamba kumi na mmoja, kwa shilingi kumi na tano kila mmoja. Wawili walikuwa wamekatika ndevu, mnunuzi akawakataa. Kwa sikio lile alilipwa shilingi mia moja thelathini na tano.