Farasi Amenitoroka Mtito Andei

Watu wa Mtito Andei, mko wapi? Nimepoteza farasi wa wenyewe!

Nampeleka Tanzania kwa lori. Leo jioni tulifaa kuvuka feri pale Likoni.

Nimesimama hapa Mtito nimpe maji, nikapata amelala.

Sasa mimi miaka yote nimebeba ng'ombe wa Tseikuru. Ng'ombe akilala kwa lori unamkunja mkia, anasimama.

Nikamkunja.

Wuui! Teke moja, mlango wa nyuma ukafunguka, farasi huyoo, ameingia Tsavo. Kwa simba!

Mwenyewe amepiga simu kutoka Tanga: "Kaka, nitumie picha nione kama amechoka."

Nimemtumia ya asubuhi.

Ni wa kahawia, ana doa jeupe usoni. Ukimwona nipigie. Na nakuomba kwa jina la Yesu, usimshike mkia.